Maji ya Banda la Pareto

Ephantus alichovya kalamu kwenye wino, akaiinua, kisha akairudisha chini bila kuandika.

"Hilo la mwisho tuliache, mzee," alisema.

"Liandike."

"Nimeshaandika ya kuwa aliomba maji. Inatosha. Mtu akisoma ataelewa kwamba hakupewa."

"Hataelewa ni nani hakumpa."

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, mwaka wa hamsini na saba, kwenye baraza ya duka la Mhindi mtaani Bondeni, Nakuru. Hapo Ephantus, aliyekuwa karani katika Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita vya Wajerumani, alikuwa na meza moja, viti viwili na kazi ya kuwaandikia watu barua. Wengi walitaka kuwaandikia waume waliofungwa kambini au wazazi waliorudishwa rizavu, ardhi waliyotengewa watu wa kabila lao. Lakini tangu Septemba aliandika pia barua za namna nyingine, na hizo hakuzitoza chochote. Alikuwa amesoma gazetini kwamba Umoja wa Mataifa ungekutana New York mwishoni mwa mwaka kuzungumzia tena mahakama ya dunia nzima, ya kudumu, itakayowahukumu watu kwa maovu ya vita. Serikali ndizo zilizoulizwa maoni. Ephantus aliona kwamba watu nao wangeweza kujibu, hata kama hawakuulizwa.

Mzee aliyeketi mbele yake alikuwa Kipketer arap Kimaiyo, skwota aliyeishi na kufanya kazi katika shamba moja la Mzungu upande wa Rongai. Alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri kwa miguu, na vumbi jeupe la barabara lilikuwa limempanda hadi magotini.

"Hebu nieleze tena," alisema Kipketer. "Hiyo mahakama, iko ama haiko?"

"Bado. Baada ya vita waliwahukumu wakubwa wa Ujerumani. Nilikuwa bado Keya, tuliona picha zao gazetini, wamepangwa kwenye benchi, wamevaa vile vitu vya masikioni. Ile ilikuwa ya mara moja tu, ikafungwa. Sasa kuna wanaotaka iwepo siku zote. Sisi tunasema tunaiunga mkono, na kila mmoja anaeleza sababu yake."

"Na hapa kwetu ilikuwa vita? Serikali inasema ilikuwa Hali ya Hatari."

Ephantus alimtazama kwa heshima mpya. "Wanasheria wenyewe wanabishana hapo hapo, mzee."

"Mimi sibishani. Andika: nilikuwa mlinzi wa mlango wa banda la kukaushia pareto, siku walizokuwa wakichuja Wakikuyu wa shamba, kutafuta waliokula kiapo. Mathenge aliingia kwa miguu yake. Siku ya pili aliomba maji. Nilikuwa na debe mkononi. Yule Bwana kijana aliyekuja na askari akaniambia mwaga. Nikamwaga. Mathenge akatoka amebebwa."

"Uliamrishwa."

"Andika niliamrishwa. Halafu andika nilimwaga."

Ephantus aliandika. Alipofika mwisho akaweka, kama kwenye barua zote arobaini zilizotangulia, maneno *Mkulima wa Rongai*. Kipketer, asiyejua kusoma lakini mwenye macho makali ya kuhesabu, aliona kwamba mstari ule ulikuwa mfupi mno.

"Hapo umeniandika nani?"

"Mkulima wa Rongai. Hatuweki majina. Ni kwa usalama wenu."

"Wakulima wa Rongai ni wangapi? Mahakama ikitaka shahidi, itamwita nani? Weka Kipketer arap Kimaiyo. Na pale shambani Kipketer tuko watano. Weka namba ya pamiti ya ng'ombe. Thelathini na moja. Hiyo ni mimi peke yangu."

Mashambani kule skwota hakujulikana kwa jina. Alijulikana kwa namba ya kibali alichopewa cha kuchunga ng'ombe wake katika ardhi ya Mzungu. Kwa namba hiyo aliitwa kazini, ng'ombe wake waliitwa joshoni kuogeshwa dawa ya kupe, na mkewe akaitwa kisimani. Kipketer alikuwa Thelathini na Moja kwa miaka kumi na minane. Hakuona njia nyingine ya mtu kujieleza kikamilifu.

"Mzee, ukiweka namba hiyo..."

"Mtu anayesema ukweli na kujificha, karani, huyo mahakama itamwonaje?"

Ephantus akaandika namba. Kipketer akabonyeza dole gumba kwenye kisahani cha wino, akalitua juu ya karatasi polepole, kama mtu anayelaza kitu kinachoweza kuvunjika.

Mhindi alipotoka dukani na kikombe cha maji kwa ajili ya mzee aliyetembea mbali, Kipketer alishukuru, akakiweka mezani, na akaondoka bila kukigusa.

&nbsp;

Jelagat, mkewe, alikuwa akisugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa alipomwambia. Hakuacha kusugua.

"Umeweka namba yetu," alisema.

"Nimeweka."

"Namba ni yangu pia. Wale ng'ombe kumi na mmoja, watatu walitoka kwa baba yangu. Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Basi ulijua." Akageuza kibuyu, akakigonga kwa kiganja, vipande vya mkaa vikaanguka. "Miaka minne nimekaa na wewe hunywi maji mbele ya mtu. Chai unakunywa, maziwa unakunywa. Maji unakwenda kuyanywa mtoni kama mbwa wa mwitu. Ulidhani sioni? Nilingoja uniambie. Sasa nasikia umemwambia karani wa Nakuru."

Kipketer aliketi kizingitini na kuutazama uwanja.

"Na Mama Njoki?" Jelagat aliuliza.

Mama Njoki ndiye Wangare, mjane wa Mathenge. Alibakizwa shambani kwa sababu mikono yake ilichuma pareto upesi kuliko mtu yeyote, akapewa chumba katika laini za Wakikuyu, safu ya vyumba vya vibarua nyuma ya kisima, yeye na binti yake mmoja, Njoki. Aliambiwa kwamba mumewe alikufa kwa homa ya mapafu. Kaburi hakuonyeshwa.

"Mama Njoki ana nini?"

"Umewaambia watu wa Amerika, ambao hawajui Rongai iko upande gani. Yeye yuko hapo nyuma ya kisima. Yeye umemwambia?"

"Ile ni kazi ya mahakama."

"Haya," alisema Jelagat. "Ngoja mahakama."

&nbsp;

Josho lilikuwa kila Jumatano. Maskwota walileta ng'ombe wao, wakapanga foleni kando ya ukuta, na Micah, nyapara wa shamba, aliita namba kutoka kwenye ubao wake. Micah alikuwa mtu wa kanisa, mwenye koti la kahawia alilofunga vifungo vyote hata wakati wa jua. Kipketer na yeye walitahiriwa msimu mmoja.

Jumatano ya pili ya Desemba Micah alianza kama kawaida. Ishirini na tisa ikaingia. Thelathini ikaingia. Kipketer akawasukuma mbele ng'ombe wake, akimpigia mluzi yule mwekundu aliyependa kusitasita.

"Thelathini na mbili," Micah aliita.

Watu walicheka, wakidhani nyapara amekosea. "We Micah, umesahau kuhesabu?" mmoja alipaza sauti. "Kanisani wanakufundisha nini?"

Micah hakucheka. "Thelathini na mbili," alirudia, macho kwenye ubao.

"Micah," alisema Kipketer kwa sauti ya chini. "Niko hapa."

"Namba hiyo haiko."

Kicheko kilikatika. Mwenye namba thelathini na mbili alisita, kisha akawapitisha ng'ombe wake ubavuni mwa wale wa Kipketer bila kumtazama. Thelathini na tatu akafuata. Dakika baada ya dakika foleni nzima ilimpita pale aliposimama, kila mtu akimwambia ng'ombe wake maneno mengi yasiyo ya lazima, ili asilazimike kumwambia Kipketer neno lolote. Mwishowe alibaki yeye na ng'ombe kumi na mmoja wakavu.

Ndipo mwenye shamba alipokuja kwa gari lake. Mkononi alikuwa na karatasi iliyopigwa taipu. Barua ya Kipketer ilikuwa imefunguliwa mahali fulani kati ya Nakuru na bahari. Ni wapi, na ni nani aliyeifungua, hakuna aliyepata kujua. Nakala yake ndiyo iliyofika.

"Wewe iko Thelathini na Moja?" aliuliza, ingawa alimjua vizuri.

"Ndiyo, Bwana."

"Mimi naweka wewe hapa miaka kumi na nane. Bibi yako nagonjwa, mimi napeleka hospitali na gari hii. Sasa wewe naandika barua ya Amerika, nasema banda yangu, nasema shamba yangu. Mimi nafanya nini? Mimi natoa banda tu. Wao nasema wanataka banda, mimi natoa."

Kipketer alimtazama, na kwa mara ya kwanza akamwona kama mtu aliyebeba mzigo kama wake. "Na mimi nilimwaga maji tu, Bwana," alisema.

Uso wa Mzungu uliiva. Aligeuka na kumwambia Micah kwa Kiingereza maneno machache, akaondoka. Micah akayatafsiri akiwa ametazama vifungo vya koti lake.

"Kuna karatasi ingine inakuja. Inasema yule karani alikudanganya, hukujua ameandika nini, na yale mambo hukuyaona. Ukiweka dole Jumatano ijayo, namba inarudi. Usipoweka, ng'ombe watoke shambani kabla ya Jumamosi."

"Na wewe unasemaje, Micah?"

"Mimi nasema ni dole tu, arap Kimaiyo. Dole haisemi kitu. Tumeweka madole mangapi kwa karatasi zao? Umewahi kuona hata moja imekula mtu?"

&nbsp;

Wiki ile ilikuwa ndefu. Maskwota wa upande wao walichunga kwa zamu, mifugo ya nyumba tano ikiwa kundi moja. Asubuhi ya Alhamisi Kipketer alikuta ng'ombe wake wametengwa, wamefungiwa peke yao kwa miiba iliyokatwa upya. Kazi ilifanywa vizuri, hakuna ng'ombe aliyechubuka. Jelagat alipofika kisimani wanawake walimpisha ateke kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea, na hakuna aliyeteka hadi alipokwisha kuondoka.

"Walinipisha kama mgeni," alimwambia mumewe. "Heri wangenitukana."

Kutoka kwa Wakikuyu pia hakuja mtu. Wao walimkumbuka Kipketer wa mlangoni, mwenye rungu na kofia ya ulinzi, na habari kwamba sasa alikuwa upande wao waliipokea kama mtego mwingine. Mzee mmoja wa laini alitema mate alipompita. Kwa hiyo mtu huyu, aliyekuwa na majirani pande zote nne, alikula na kutembea siku zile kama mtu aliyeachwa katika nchi isiyo na watu.

Jumamosi alirudi Nakuru. Ephantus alikuwepo, lakini meza ilikuwa tupu. Kalamu na wino vilikuwa vimechukuliwa siku ya Alhamisi pamoja na daftari lake. Alikuwa amekaa tu, gazeti limekunjwa magotini.

"Nilikuwa nakungoja, mzee," alisema. "Wamepiga kura."

"Mahakama?"

"Wameahirisha."

"Mpaka lini?"

Ephantus alifungua gazeti, ingawa habari ile, iliyokuwa mistari sita chini ya bei za mahindi, alikwisha kuihifadhi kichwani. "Hawakusema lini. Wanasema kwanza dunia ikubaliane uchokozi ni nini. Wakishakubaliana maana yake, ndiyo watazungumza habari ya mahakama."

"Hawajui uchokozi ni nini?"

"Wanajua. Hawajakubaliana."

"Ni watu wakubwa?"

"Wakubwa kabisa."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Hapakuwa na dhihaka usoni mwake. Alionekana kama anayewahurumia. Kisha akaeleza habari ya josho na ile karatasi nyingine. Ephantus alisikiliza akiwa ameinama, na alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu.

"Weka dole, mzee," alisema. "Sema nilikudanganya. Mimi walichotaka kuchukua wamechukua. Hakuna mahakama. Hutakuwa umemsaliti mtu, maana hakuna anayesikiliza. Chukua ng'ombe wako."

"Ulikuwa unaamini, karani?"

"Kitu gani?"

"Ya kwamba itakuja."

Barabarani mkokoteni wa kuni ulipita, ukaacha kelele zake nyuma. "Niliamini kwamba ikija itataka kujua kama kulikuwa na watu walioingoja," alisema Ephantus.

&nbsp;

Jumatano Micah alileta karatasi na kisahani cha wino hadi nyumbani kwa Kipketer mwenyewe, ili asimwaibishe joshoni. Jelagat alimkaribisha kiti. Hakukaa.

"Isome," alisema Kipketer.

Micah alisoma. Alipofika kwenye maneno *wala sikuona mtu yeyote akinyimwa maji*, sauti yake ilipungua.

"Rudia hapo."

"Arap Kimaiyo, tafadhali."

"Micah, kama mimi sikumwaga, ni nani aliyemwaga? Kwa sababu yalimwagika. Udongo ulilowa, nikauona. Nikisema sikuwa mimi, nimeyaweka mikononi mwa mtu mwingine."

"Kule Mogotio mtakakohamia ni jua na mawe. Ng'ombe wako hawajui jua lile. Nusu watakufa kabla ya mvua."

"Najua."

Micah alimgeukia Jelagat. "Wewe mama, sema naye."

Jelagat aliitazama karatasi, kisha wino, kisha mumewe, aliyezeeka kwa namna ambayo hakuwa ameiona hadi mchana ule. "Ng'ombe watatu ni wa baba yangu," alisema. "Nimekasirika, na nitakaa nimekasirika mpaka Mogotio na baada ya Mogotio. Lakini dole si langu."

Micah alikifunga kisahani. Mlangoni akakifungua kifungo cha juu cha koti lake, akaondoka.

&nbsp;

Walihama Ijumaa asubuhi. Hakuna aliyekuja kuwasindikiza, ingawa katika kila nyumba mlango ulikuwa wazi kidogo. Jelagat alitangulia na ng'ombe, sufuria na kibuyu mgongoni, akimwita yule mwekundu kwa jina. Walipokuwa wameikaribia barabara alisimama.

"Mimi nitakwenda polepole," alisema bila kugeuka. "Utanikuta."

Kipketer akarudi, akapita kisima, akaingia laini za Wakikuyu, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu mwaka wa hamsini na tatu. Wangare alikuwa mlangoni pake akianika gunia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyogeuka rangi ya manjano kwa maua ya pareto. Alipomwona hakurudi nyuma wala hakumsalimu.

"Mama Njoki," alisema Kipketer, "nilikuwa mlangoni siku ya Mathenge."

"Mahali ulipokuwa napajua."

"Hakufa kwa homa."

"Hilo pia najua. Sema lile nisilolijua."

Basi akalisema. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama alivyokuwa amejizoeza kusimama mbele ya majaji ambao sasa hawangekuja. Alisema habari ya siku ya kwanza na ya siku ya pili, debe, amri, na udongo. Hakusema kwamba angepigwa kama angekataa, ingawa ilikuwa kweli.

"Aliomba kwa lugha gani?" Wangare aliuliza.

"Kiswahili."

"Alisema vipi?"

"Alisema, 'Ndugu, hata kidogo.'"

"Alikuita ndugu."

"Ndiyo."

Wangare aliingia ndani. Kando ya mlango palikuwa na pipa la maji yaliyotekwa kisimani na kubebwa kwa mgongo. Alitoka na kikombe cha bati, akakichovya humo, akakijaza hadi ukingoni, akampa. Kipketer alikipokea kwa mikono miwili.

"Kunywa, au mwaga," alisema. "Mimi sitakuamulia."

Wangare alingoja. Macho ya laini nzima yalikuwa nyuma ya nguo zilizoanikwa. Kipketer, aliyekuwa hajanywa kitu tangu jana, aliyatazama maji ukingoni mwa kikombe. Kisha akainama juu ya pipa, akakishusha kikombe hadi kikagusa maji, na akayarudisha yote mahali yalipotoka, taratibu kiasi kwamba hapakusikika sauti. Akakipindua kikombe kuonyesha hakina kitu, akamrudishia.

Wangare alikifuta kwa upindo wa kanga.

"Nasikia namba yako wameifuta," alisema.

"Wameifuta."

"Na ile mahakama ikija? Hata kama ni wakati wa watoto wa Njoki. Wakiniuliza shahidi wangu yuko wapi, niwaambie nini? Kipketer ni wengi."

Mzee aliangalia upande wa barabara, ambako vumbi la ng'ombe kumi na mmoja lilikuwa tayari limeanza kutawanyika.

"Waambie waulize Mogotio," alisema. "Waulize Kipketer aliyemwaga maji. Nitawaambia watu wa huko waniite hivyo."